VILAZA NI NANI: WANAFUNZI AU WAKUBWA?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Chumbi, Rufiji

MEI 28, 2016 ni siku ambayo kijana wa nchi hii hapaswi kuisahau. Siku hiyo wanafunzi 7,802 wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kufungasha virago na kuondoka chuoni ndani ya saa 24. Watoto wa walalahoi, wengine hawana nauli ya kufika hata Morogoro seuze Kigoma au Utete, wakajaa stendi na mabegi yao kama wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Kosa lao lilikuwa nini? Walichoma ofisi? Walimpiga mwalimu? Hapana. Walikuwa wanasomea stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati, na wahadhiri wao waligoma kuingia darasani wakidai malipo. Basi! Mgogoro wa fedha ulikuwa kati ya wahadhiri na wakubwa wao, lakini aliyefungiwa mlango ni mwanafunzi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi za Dodoma ziliumia kweli kweli.

Wabunge wa upinzani walisimama bungeni wakataka shughuli nyingine ziwekwe kando ili jambo hilo lijadiliwe. Naibu Spika wa wakati huo, Tulia Ackson, akakataa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, Rais wa wakati huo, John Magufuli, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, akawaita vijana wale "vilaza".

Kilaza, kwa asiyejua lugha ya shule, ni mtu mzito wa kichwa, asiyefundishika. Neno likashika, likaimbwa mitaani mpaka kwenye daladala. Lakini tukumbushane. Mpango ule wa stashahada maalum ulianzishwa na serikali. Serikali ndiyo iliyoweka sifa za kujiunga, ndiyo iliyodahili, ndiyo iliyotoa mikopo. Na baadaye mwaka huo huo serikali ile ile ikapekua vyeti, ikakuta maelfu kati ya "vilaza" hao wana sifa za kusomea ualimu, ikawapanga katika vyuo vya ualimu. Vyeti vikapita, jina likabaki.

Aliyelitamka neno lile ametangulia mbele ya haki, nasi hatuna ugomvi na marehemu. Ugomvi wetu ni na neno lenyewe, kwa kuwa halikuzikwa. Kila wahitimu wanaposhindwa usaili, kila waajiri wanapolalamika kwamba vijana wana vyeti lakini kazi hawaiwezi, kidole kinaelekezwa kwa kijana. Eti kizazi cha simu. Eti hawapendi kusoma. Hakuna mkubwa anayefungua mlango wa darasa la chuo akachungulia ndani aone vijana hao wanafundishwa nini na wanafundishwaje. Leo tunaufungua mlango huo.

Utaniuliza: wewe mtu wa Chumbi uliyeishia sekondari, darasa la chuo linakuhusu nini? Linanihusu sana. Chumbi ipo barabara ya Kilwa, ukishavuka Daraja la Mkapa kuelekea kusini. Chuo kikuu hatuna, lakini bidhaa ya vyuo tunaletewa. Mwalimu wa mdogo wangu katoka darasa hilo. Muuguzi anayemzalisha shangazi yangu katoka darasa hilo. Bwana shamba anayekuja kutuelekeza juu ya ufuta na korosho, katoka huko huko. Darasa likiwa bovu Dodoma au Dar es Salaam, anayeumia yuko Chumbi. Mlaji wa mwisho wa elimu ya chuo ni mwananchi, na mlaji aliyeuziwa unga wenye mchanga ana haki ya kupiga kelele.

NCHI YA MADESA

Mwaka mmoja nilikaa wiki mbili kwa binamu yangu katika chuo kimoja jijini, jina nalihifadhi. Tulilala wawili kitanda kimoja, wenyewe wanaita kubebana. Asubuhi nikamfuata darasani. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, maana katika ukumbi wa mamia ya watu hakuna anayejua nani ni nani. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi. Waliokosa ngazi walisimama dirishani.

Mhadhiri akaingia, akawasha projekta, akaanza kusoma. Nasema kusoma, sisemi kufundisha. Kilichoandikwa ukutani ndicho alichokisoma, neno kwa neno, saa 2 mfululizo. Wa mbele waliandika. Wa katikati walipiga picha kwa simu. Wa nyuma walisinzia, na sikuwalaumu. Mwisho akauliza kwa Kiingereza kama kuna swali. Kimya. Akafunga kompyuta yake akaenda zake. Nikamuuliza binamu: umeelewa nini? Akacheka. "Ndugu yangu, hapa hatuelewi. Hapa tunasubiri desa."

Kwa wasiojua, desa ni karatasi za fotokopi zenye maelezo ya somo, majibu ya mitihani iliyopita na chochote kinachoaminika kwamba kitatoka. Vibanda vya fotokopi nje ya vyuo vyetu vinalishwa na madesa. Kijana ananunua desa, anapiga msuli usiku kucha, anaingia kwenye mtihani anatapika alichomeza, kesho yake amesahau. Akitapika vizuri anapata alama. Akitapika vibaya anapata sapu, na sapu ikimshinda anadisko, anarudi kijijini na deni la Bodi ya Mikopo mgongoni.

Na karatasi yake ya mtihani? Hataiona tena maishani. Anaona herufi tu kwenye orodha. Amekosea wapi, kwa nini, angejibu vipi? Hayo ni siri. Hebu nieleze wewe fundi wa gereji pale Tandika: utamfundishaje kijana wako kufunga injini ikiwa akikosea humwonyeshi alipokosea, unamwambia tu "umepata C, nenda"? Gari la kwanza litakalotoka mikononi mwake litamuua mtu.

Mbrazil mmoja, Paulo Freire, aliyewahi kufika hapa nchini mapema miaka ya 1970, aliandika kwamba ufundishaji wa namna hii ni kama shughuli za benki. Mwalimu anaweka fedha, mwanafunzi ni akaunti tupu, na mtihani ni siku ya kutoa. Angefika kwenye vibanda vya fotokopi leo angekuta benki imekwisha kuhamia barabarani.

MADRASA INAWASHINDA

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenye majoho. Kwetu Rufiji, kama ilivyo Pwani yote, ukisema mtoto kaenda "chuoni" wazee wanaelewa kaenda madrasa. Na katika jambo moja kubwa, chuo hicho cha mkeka kinakishinda chuo cha projekta.

Pale mkekani mtoto hapotei ndani ya kundi. Kila mmoja anakaa mbele ya maalim na juzuu yake, anasoma, maalim anasikiliza. Akikosea herufi anasahihishwa pale pale, anarudia, na hasogei mbele mpaka somo la jana limekaa sawa. Wale wakubwa wanawasikiliza wadogo wakati maalim ana kazi na wengine. Mtu anaweza kuulaumu mkeka kwa kukariri, na kwa bakora pia. Lakini huwezi kuulaumu kwamba maalim hajui nani ameelewa na nani hajaelewa. Anamjua kila mtoto, na baba yake, na mahali ulimi unapomkwama.

Profesa wetu wa nondo 3 anajua nini juu ya waliokaa mbele yake? Anajua namba za usajili.

Watasema: wanafunzi ni wengi, tutafanyaje? Ni kweli ni wengi, na serikali inayodahili bila kuajiri walimu lazima ijibu hilo. Lakini wingi usigeuzwe kichaka cha kujifichia. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard, profesa wa fizikia aitwaye Eric Mazur aligundua kwamba wanafunzi wake walifaulu mitihani ya hesabu ngumu lakini hawakuelewa mambo ya msingi kabisa ya somo. Kuanzia 1991 akabadili mtindo. Anazungumza kidogo, anatoa swali moja lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi anachagua jibu lake kimya kimya, kisha wanageukiana na kubishana na jirani, halafu wanachagua tena. Ndipo mwalimu anaeleza pale palipowashinda. Darasa lake lilikuwa kubwa pia. Mbinu hiyo inahitaji nini? Vidole vya kunyoosha! Hivi vidole navyo tunasubiri wafadhili?

Na si hadithi ya mtu mmoja. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi na hisabati ya vyuo, yale ya kusikiliza hotuba tu na yale ambayo mwanafunzi anafanyishwa kazi darasani. Waliokaa kusikiliza tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wenzao. Kwa hiyo mhadhiri anaposoma kilichoandikwa ukutani kwa saa 2, huko ni kufelisha kwa utaratibu maalum, tena kwa kodi zetu.

WANAOFUNDISHA BILA KUFUNDISHWA KUFUNDISHA

Angalieni kichekesho hiki. Ili ufundishe mtoto wa darasa la kwanza pale Chumbi, sheria inakutaka upite chuo cha ualimu, ufunzwe namna ya kuandaa somo, namna ya kuuliza swali, namna ya kupima. Lakini ili umfundishe yule atakayekuwa mwalimu wa sekondari, daktari au hakimu, kinachotazamwa kwanza ni alama zako mwenyewe ulipokuwa mwanafunzi. Kijana aliyeng'ara kwa kumeza madesa ya jana anapewa chaki leo awalishe wenzake. Wahadhiri wetu wengi hawakupewa hata muhula mmoja wa kujifunza namna ya kufundisha kabla ya kusimamishwa mbele ya mamia ya watu.

Kisha mfumo unamlipaje? Anapanda cheo hasa kwa machapisho yake kwenye majarida. Akikesha kuandaa somo zuri, akisahihisha kazi kwa maelezo, akikaa ofisini kuwasikiliza waliokwama, muda wote huo anaonekana kama anapoteza. Mwenzake aliyewatupia slaidi za miaka 10 iliyopita akaenda kuandika na kufanya kazi za ushauri wa kulipwa, huyo ndiye atakayeitwa profesa mapema. Mchezo ukipangwa hivyo, mchezaji atacheza hivyo. Simlaumu mhadhiri peke yake. Wengi wao nao ni walalahoi wenye tai. Namlaumu aliyepanga mchezo.

Nchi hii tumeshaonywa mara mbili juu ya mwalimu asiyeandaliwa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, watoto wote walitakiwa wawe shuleni ifikapo 1977. Nia njema kabisa, lakini walimu wakaandaliwa haraka haraka, na wananchi wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Katikati ya miaka ya 2000 zikaja sekondari za kata, vijana wa kidato cha sita wakapigwa msasa wa wiki chache na kutupwa darasani, wananchi wakawaita "Voda fasta". Mavuno yake? Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalipotoka Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Serikali ikaona haya, ikayafuta na kuyapanga upya. Mwanafunzi alifeli, au alifelishwa? Na waliofelishwa ndio hao hao wanaoingia vyuoni na kukutana na projekta.

MDOMO ULIOFUNGWA KWA KIINGEREZA

Nirudi kwenye ule ukimya wa ukumbini. Vijana wale wale waliokuwa mabubu mbele ya mhadhiri, nusu saa baadaye walikuwa chini ya mwembe wanabishana juu ya somo lile lile mpaka mishipa ya shingo imetoka. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Mmoja aliyeelewa kidogo akawaeleza wenzake, mwingine akapinga, mwingine akatoa mfano wa bei ya nyanya Kariakoo. Somo la siku ile lilifundishwa pale chini ya mwembe, bila mshahara.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, kipande darasa kwa darasa mpaka kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wetu. Wakakuta wa kidato cha nne wanaoweza kweli kusoma kwa Kiingereza ni kama mmoja kati ya kumi. Ripoti ikapokelewa, Kiingereza kikabaki. Sera ya Elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote. Tukapiga vigelegele. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa mwanzoni mwa 2025, limerudisha sekondari na vyuo kwenye Kiingereza. Miaka zaidi ya 40 tunachezeshwa kidali po!

Sisemi Kiingereza kitupwe Bahari ya Hindi. Kijana wa Mbagala anakihitaji Kiingereza, na Kichina, na Kiarabu, apate riziki popote. Afundishwe Kiingereza kama lugha, na mwalimu anayekijua, mpaka kikae. Lakini kumfundisha mtu uhandisi kwa lugha asiyoielewa, na lugha yenyewe ukawa hukumfundisha, ni kumwosha miguu kwa tope. Wakubwa wanajua hilo. Ndiyo maana watoto wao wamepelekwa shule za kulipia tangu chekechea. Anayefungwa mdomo ni mtoto wa Chumbi.

DARASA LINALOULIZA LINAMTISHA NANI?

Hapa ndipo penyewe. Kama dawa ni rahisi hivi, vidole vya kunyoosha na lugha tunayoijua, kwa nini hainyweki?

Turudi nyuma kidogo. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 25, 1961 katika jengo la TANU, Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mlimani kilipokua, kikapata darasa lililotikisa Afrika. Mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, alifundisha pale, akatoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyodidimiza Afrika. Wanafunzi hawakungoja waandikiwe. Mwaka 1967 waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walikutana Jumapili kusoma na kubishana bila mtihani wala alama. Wakatoa jarida lao, Cheche, na humo Issa Shivji akachapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa matabaka nchini. Kijana wa miaka ya ishirini, anawachambua wakubwa kwa hoja!

Wakubwa walifanyaje? Novemba 1970 USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka huo, makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kuwa katibu mtendaji wa chama. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, aliandika barua ya wazi ya kuhoji utawala wa chuo. FFU wakaingia Mlimani wakamchukua. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana kupinga vigogo kujiongezea marupurupu. Mamia wakafukuzwa.

Somo liko wazi. Darasa linalouliza swali la fizikia leo, kesho litauliza swali la bajeti. Kijana aliyezoea kumwambia mhadhiri "naomba ushahidi" hatashindwa kumwambia diwani "naomba stakabadhi". Lakini kijana aliyezoea kumeza desa na kutapika atameza na hotuba, atameza na fulana na kofia wakati wa kampeni. Sidai kwamba kuna kikao kilikaa usiku kikaamua vyuo vifundishe vibaya. Hakikuhitajika kikao. Ukimya wa darasani unawafaa wenye nchi, basi hawana haraka ya kuuvunja.

RUFIJI INASOMWA, HAISOMI

Kama mtu anadhani nazungumzia mambo ya Mlimani tu, aje huku kwetu. Rufiji ni miongoni mwa wilaya zilizosomwa sana nchini. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilihamisha watu kutoka bondeni katika Operesheni Rufiji. Watafiti wa chuo kikuu wakaja nyuma yake, na ripoti ya Audun Sandberg juu ya bonde la chini la Rufiji ikatoka 1974. Kjell Havnevik akatoa kitabu kizima mwaka 1993. Kuanzia 1998 watafiti wa afya wakawa wanazunguka kaya za sehemu ya wilaya wakiandika nani kazaliwa, nani kafa na kwa ugonjwa gani. Tumepimwa, tumehesabiwa, tumeandikwa. Yote kwa Kiingereza. Mzee aliyehojiwa hajui kiliandikwa nini, na mjukuu wake aliyeko chuo anakariri mito ya Ulaya.

Wakati huo huo somo limelala mlangoni. Wazee wetu wanalima mlau: mto ukifurika na kurudi, wanapanda mahindi na maboga kwenye tope lililoachwa, bila mbolea ya dukani. Sasa mto huo huo juu yake kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililojengwa na wakandarasi kutoka Misri. Maji yanatoka kwa mpango wa mitambo. Mlau utakuwaje? Tope litafika? Mikoko na kamba wa delta watapata maji matamu kiasi gani? Aprili 2024 mafuriko yalipozamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, watu walibishana vikali: ni bwawa, au ni mvua tu iliyozidi? Serikali ikasema mvua. Wakulima wengi hawakuridhika.

Ndugu msomaji, hilo ni swali la darasani! Chukua wanafunzi wa jiografia, uhandisi wa maji, kilimo na sheria, wape takwimu za mvua na za maji yaliyofunguliwa, walete bondeni wakae na wakulima, wapige hesabu, wabishane, waandike kwa Kiswahili na majibu yabandikwe ofisi za vijiji. Wangemaliza wanajua somo lao, na sisi tungejua ukweli wetu, uwe mchungu kwa serikali au mchungu kwetu. Badala yake wanakuja wachache kwa mafunzo ya vitendo, wanagongewa muhuri, wanaondoka.

TUNADAI

Watasema kuna fedha zinakuja. Ni kweli. Upo mradi wa HEET ulioanza 2021, dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unajenga madarasa na maabara, unasomesha wahadhiri, unapitia mitaala. Vizuri. Lakini ni mkopo, atakayeulipa ni kijana huyu huyu. Na jengo halifundishi. Ukimhamisha msoma slaidi kutoka ukumbi wa zamani ukampeleka ukumbi wenye viyoyozi, atasoma slaidi kwa ubaridi tu. Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na hayahitaji matofali.

Mosi, asisimame mtu kufundisha chuo chochote cha umma bila kwanza kufunzwa namna ya kufundisha. Wale waliomo tayari wapewe mafunzo, tena wakiwa kazini na kwa malipo.

Pili, ufundishaji uhesabiwe kwa uzito ule ule wa machapisho katika kupandisha cheo. Wanafunzi wajaze fomu za kupima walimu wao, na matokeo yabandikwe ukutani, yasifungiwe kabatini.

Tatu, kila somo la ukumbi mkubwa liwe na makundi madogo ya kila wiki ambamo kila mwanafunzi atazungumza. Wapo wahitimu wengi mtaani hawana kazi. Waajiriwe kuyaongoza.

Nne, karatasi ya mtihani irudi kwa mwenyewe ikiwa na maelezo ya makosa. Alama bila maelezo ni hukumu bila kesi.

Tano, mwanafunzi awe na haki ya kuuliza na kujibu kwa Kiswahili darasani kuanzia kesho asubuhi. Hilo halihitaji tume nyingine.

Na wewe kijana mwenzangu unayesoma gazeti hili kijiweni, iwe Manzese, Mbagala Rangi Tatu au nje ya kibanda cha fotokopi, usikae kusubiri. Wale wa 1967 hawakupewa ukumbi wala bajeti. Walikutana, wakachagua kitabu, wakabishana. Mkiwa watano chini ya mwembe na swali moja gumu, tayari ni darasa. Acheni desa usiku mmoja kwa wiki muanze hapo. Na mhadhiri akiuliza kama kuna swali, anyanyuke mmoja aulize, hata kwa Kiswahili, hata wenzake wakicheka. Wa pili atapata ujasiri, na wa tatu.

Anayeshindwa kueleweshwa na mtu asiyetaka kueleweka si kilaza. Kilaza ni mwenye nchi aliyekabidhiwa ripoti ya 1982, ya 1984, na sifuri 240,000 za 2012, akazisoma zote na asijifunze kitu. Kwa huyo, naogopa, hata sapu haitasaidia. Dawa yake ni kudisko.

Mwandishi wa makala haya ni mwandishi wa kujitegemea anayeishi Chumbi, wilayani Rufiji.